Shaba na Bati Hazilali Kitanda Kimoja

Eldoret, 12 Machi 1951

Mpendwa Mama Nasambu,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea wagawie Mama na mtoto wetu, usizikalie peke yako. Mimi ni mzima. Baridi ya Eldoret bado ni ile ile ya kung'ata masikio, lakini kazi iko na posho haikosi. Sijui hali yenu huko Kimilili.

Nataka habari za tangi letu la bati. Tangu nirudi kutoka likizo, kila nikifunga bomba kwenye shamba la mzungu nasema moyoni, hata mke wangu analo. Siku ile nilipolisimamisha nyuma ya nyumba na watu wakaja kulitazama, uliona ndugu yangu Wanyonyi alivyonyamaza? Yeye anayejiita fundi wa kijiji kizima! Bomba lile la shaba na mfereji wake wa kufungulia maji vilitoka kwenye nyumba moja ya wazungu iliyobomolewa hapa mjini. Bwana mkubwa wa karakana aliniachia kwa sababu siku hiyo aliamka vizuri. Hakuna nyumba Kimilili yote yenye bomba la shaba. Ling'arishe kwa majivu na limau, watu waone.

Mvua ikianza, litajaa lenyewe kutoka kwenye paa. Sijasahau kwa nini nilihangaika nalo. Mwaka juzi uliteleza kwenye mteremko wa mto, debe kichwani, na mtoto wetu akapotea kabla hatujamwona. Niliumia, na bado naumia. Nilikuahidi kwamba hutashuka mteremko ule tena ukiwa na mimba. Mimi nikisema nimesema.

Nisalimie watu wa kanisa wote, hata wale wasioniulizia.

Ni mimi mumeo,
Baba Nasambu


Kimilili, 20 Aprili 1951

Mpendwa Baba Nasambu,

Salamu zako zilifika na tumezigawana. Nasambu ana kikohozi kidogo lakini anakula. Mama ni mzima, ila analalamika kwamba unamsalimu kupitia kwangu kama mtu anayepitisha sahani juu ya kichwa cha mwenzake. Mwandikie mstari wake.

Mvua imeanza, tangi limejaa, na tangi linavuja. Naona niseme hilo mapema kabla hujaanza kujisifu. Pale bomba linapoingia kwenye bati palianza kutoka unga mweupe kama chumvi. Nikaupangusa, ukarudi. Kisha pakawa pekundu, kutu tupu, na sasa ukibonyeza kwa kidole bati linameguka kama mkate mkavu. Maji yote yanaishia kwenye matope. Bomba lako la shaba lenyewe halina hata doa. Naling'arisha kila Jumamosi kama ulivyoniagiza, linawaka hilo, na maji halileti.

Watu wamekuja kulitazama kama walivyokuja mara ya kwanza, ila safari hii wanacheka. Wengine wanasema ni kijicho. Mama anaamini kabisa. Anasema kitu kizuri kikikaa nje lazima kipate wa kukionea wivu. Mimi sijui nani anamroga nani. Ninachojua ni kwamba kukipambazuka nachukua debe.

Sasa sikia lililo kubwa. Nina mimba. Nasambu atapata mwenzake mwezi wa kumi, Mungu akipenda. Nilipomwambia Mama, alininyang'anya debe akashuka mtoni mwenyewe, na goti lake lile bovu. Siku hizi kazi yetu ya kwanza asubuhi ni kugombania debe. Naogopa, Baba Nasambu. Naogopa mteremko ule. Ulisema wewe ukisema umesema. Basi sema tena.

Mkeo,
Mama Nasambu


Eldoret, 9 Mei 1951

Mpendwa Mama Nasambu,

Salamu nyingi, na kwa Mama mstari wake huu hapa: Mama, nakusalimu sana, mwanao ni mzima na anavaa sweta. Umwambie nimeuandika kwa wino.

Barua yako ilinifanya niimbe na kutukana katika dakika moja. Mtoto! Nilimshukuru Mungu pale pale mlangoni pa karakana. Kisha nikasoma tena habari za tangi, nikampelekea rafiki yangu Kipyego, yule wa Chepsaita anayefunga mabomba pamoja nami. Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Wepukhulu," akasema, "nani alikudanganya? Shaba na bati hazilali kitanda kimoja!"

Kumbe ndivyo ilivyo. Shaba ikigusana na bati, na maji yakiwepo, bati linaliwa. Kwanza inaliwa ile ngozi yake nyeupe, ndiyo unga uliouona, kisha chuma cha ndani. Shaba haipati kitu, inabaki laini vile vile. Fundi wetu mkuu, Bwana Gurdial, anasema ni umeme mdogo kama wa betri ya gari: hauwezi kuwasha taa, ila kula tangi unaweza. Nikamuuliza mbona hakuniambia tangu Desemba nilipolibeba bomba. Akasema sikumuuliza. Na wewe usinikumbushe kwamba aliyeviunganisha ni mimi. Nimeshakumbushwa ya kutosha hapa.

Dawa yake ni kuvitenganisha. Namtuma Nyongesa, yule binamu yetu wa gari la moshi, akuletee mpira wa tyubu ya lori. Mwite Wanyonyi akate sehemu iliyooza, atie kiraka cha bati jipya. Akate mpira maduara mawili, moja ndani ya tangi na moja nje, bomba lipite katikati. Kila bolti aivishe mpira mwili mzima, kwa sababu bolti inapita kwenye shaba na kwenye bati, na chini ya kila nati aweke mpira. Shaba isiguse bati popote, hata kwa upana wa ukucha. Akiacha mguso mmoja, ni kama hajafanya kitu.

Kwa sasa mwache Mama akusaidie. Mama ana nguvu kuliko sisi sote.

Ni mimi mumeo,
Baba Nasambu


Kimilili, 18 Juni 1951

Mpendwa Baba Nasambu,

Habari za siku nyingi? Sisi tupo. Kikohozi cha Nasambu kimekwisha, sasa ni mimi ninayetapika. Mama alifurahia mstari wake, ameniomba niusome mpaka Nasambu anaujua kwa moyo.

Nyongesa alichelewa kwa sababu aliteremka Turbo kumwona mtu, na huyo mtu alikuwa na harusi. Mpira ulifika mzima. Haukukaa mzima. Wanyonyi aliutazama, akausifu, akakata nusu akaifungia mizigo kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake. Anasema nusu iliyobaki inatosha. Sasa mpira wa tangi langu unabeba mahindi ya watu sokoni, na kila akipita ananipungia mkono.

Duara la ndani aliliweka. La nje hakuliweka. Bolti aliziacha uchi. Nilisimama pale na barua yako mkononi nikimsomea, "kila bolti aivishe mpira." Akaniambia, "Shemeji, bolti ni kitu kidogo, itakula nini? Mwanamke asinifundishe spana." Nilitamani kumpiga na hiyo spana.

Sasa kila bolti imezungukwa na ule unga mweupe. Mbili zimeshaanguka na vipande vya bati. Nimechoka, Baba Nasambu. Nimechoka na wewe, na ndugu yako, na shaba yako. Sikuolewa na karatasi. Mama anashuka mtoni alfajiri kabla sijaamka ili nisimwahi kwenye debe, anarudi akikanyaga upande mmoja. Nikimkemea ananiambia nifumbe mdomo nilinde tumbo.

Unasema shaba haiumii, anayeliwa ni bati. Nimeielewa vizuri sana habari hiyo. Wewe uko mjini.

Mkeo,
Mama Nasambu


Eldoret, 5 Julai 1951

Mama Nasambu,

Salamu. Natumaini nyote ni wazima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara hasira inapanda upya. Wanyonyi nitamshughulikia mwenyewe. Lakini na wewe, ulisimama hapo unatazama? Ungeuchukua mpira ukaufunga mwenyewe! Mikono unayo, barua unayo, na akili unayo kuliko yeye. Nafunga mabomba ya ng'ombe wa watu kutoka asubuhi mpaka jioni, ng'ombe wanakunywa maji safi, na nyumbani kwangu mama yangu mzazi anabeba debe. Unafikiri nalala vizuri? Unafikiri hii shaba ya mjini inang'aa?

Nimemwomba bwana mkubwa ruhusa. Amesema labda baada ya mavuno ya ngano. Nikamwambia mke wangu ana mimba. Akasema hongera.

Nyongesa analeta mpira mwingine, nimeukata tayari, maduara na vile vya kuvisha bolti, hakuna cha kubakia kwa baiskeli. Pia kopo la rangi nyekundu. Sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi wanakosea: rangi paka shaba. Usipake bati peke yake. Ukipaka bati tu, na rangi ikakwaruzika mahali padogo, kuliwa kote kutahamia pale pale na tundu litatoka upesi kuliko mwanzo. Paka bomba na mfereji, vyote viwe vyekundu. Najua unapenda ling'ae, wanawake wa kanisa wanakuja kujitazama pale. Wajitazame kwenye maji.

Nisamehe maneno makali. Hapana, usinisamehe bado. Funga tangi kwanza.

Mumeo,
Baba Nasambu


Kimilili, 4 Agosti 1951

Mpendwa Baba Nasambu,

Leo naanza na kicheko, na salamu zitafuata. Nimelifunga mwenyewe! Wanyonyi alikwenda mnadani na spana akaisahau, nikaichukua. Mama alishika bomba kwa ndani, ameingia kwenye tangi na kichwa chote, miguu nje, Nasambu akalia akidhani bibi amemezwa. Kila bolti nimeivisha. Shaba nimeipaka rangi mpaka inafanana na jogoo. Wanawake wa kanisa walisema nimeiharibu. Nikawaambia wakajitazame kwenye maji.

Imenyesha na hakuna tone, hata unga. Nimefungua mfereji nikajaza debe nikiwa nimesimama tu mlangoni kwangu, nikalia kidogo. Mama alikunywa bilauri nzima, akasema, "Sasa limeshika." Hajashuka mtoni wiki hii. Goti limeanza kupungua uvimbe. Nimekusamehe yale ya Julai, isipokuwa lile la kusimama natazama.

19 Agosti

Sikuipeleka barua hii posta, nilikuwa nangoja mtu wa kuibeba. Heri ningeituma ukafurahi hata siku moja.

Tangi linavuja chini. Si kwenye bomba. Bomba ni kavu, nimelikagua mpaka bolti ya mwisho. Ni katikati ya sakafu ya tangi, mahali ambapo hakuna bomba, hakuna bolti, hakuna chochote. Maji yanapitia kwenye mawe yale ya chini yanatiririka hadi njiani. Mama alipoona, akachukua debe.

Nilifanya kila ulichosema. Kila kitu. Usiniandikie tena habari za mpira. Njoo.

Mkeo,
Mama Nasambu


Timboroa, 2 Septemba 1951

Mpendwa Mama Nasambu,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi kali kuliko ile ya Eldoret. Tumeletwa huku kutengeneza mabomba ya kiwanda cha mbao, na barua yako ilinifuata nyuma kwa lori la magogo. Natumaini nyote ni wazima na tumbo linakwenda vizuri.

Najua uliandika njoo. Nilikwenda kwa bwana mkubwa na barua mkononi. Amesema hakuna mtu anayeshuka kutoka Timboroa mpaka maji yafike kwenye boila. Nikitoroka kazi imekwisha, na jina langu litaandikwa vibaya kwa kila mwajiri wa hapa. Nimepiga spana ukutani mpaka Kipyego akaninyang'anya. Bomba likimalizika tu, bwana mkubwa ameniahidi mbele ya Bwana Gurdial, nashuka.

Lakini sakafu imenishinda. Sielewi. Pale hakuna shaba! Nilianza kuwaza kwamba umefanya kosa, nikaanza hata kuandika, kisha nikaichana hiyo karatasi, maana mfereji ni mkavu na aliyeufunga ni wewe. Tukakaa na Kipyego kulifikiria. Akasema bati haliliwi bila mlaji. Likiliwa mahali penye maji, tafuta mgeni, kuna chuma kigeni pale hata kama hukioni. Akauliza kama tuna mtoto mdogo. Nasambu na senti zake za tundu, zile za sadaka! Senti ni ya shaba. Toa maji yote, tia mkono, papasa sakafu yote.

Na Mama asishuke mtoni mvua ikinyesha. Mwambie ni mimi niliyesema.

Mumeo,
Baba Nasambu


Kimilili, 23 Septemba 1951

Mpendwa Baba Nasambu,

Salamu zako za Timboroa zimefika. Nasambu ni mzima na hakutupa senti yoyote, nimemkemea bure, maskini. Mtoto wa tumboni anapiga mateke. Kwa Mama sina salamu nzuri, kwa hiyo kaa chini.

Barua yako ilichelewa. Kabla haijafika, Mama alishuka mtoni alfajiri, mvua ikinyesha, mimi nikiwa bado nimelala. Aliteleza pale pale nilipoteleza mimi. Wanaume walimpandisha kwa kitanda. Mganga wa misheni anasema nyonga imevunjika, na mfupa wa umri wake hauna haraka. Amelala chumbani kwetu. Analia pale tu anapogeuzwa, halafu anaomba radhi kwa kulia.

Nilipopata barua yako nililifungua tangi, nikalimaliza maji, nikatia mkono kama ulivyosema. Mgeni alikuwepo. Nilivuta bangili ya shaba, ile pana ya Mama, aliyovishwa na marehemu baba yako siku aliyoletwa katika boma hili. Tangu Aprili mkono wake ulikuwa mtupu. Alituambia imempotea shambani wakati wa kupalilia. Imetoka kwenye maji safi kabisa, haikupungua hata kidogo. Chini yake bati lilikuwa limeliwa duara, kipimo cha mkono wake.

Nilikasirika, Baba Nasambu, usidhani mimi ni malaika. Nilikaa kwenye matope na tumbo langu nikamkasirikia mwanamke aliyevunjika nyonga kwa ajili yangu. Niliingia ndani na ile bangili kwenye mfuko wa gauni nikitaka kumwonyesha. Kabla sijafungua mdomo akaniita karibu, akaniambia mwenyewe. Alisema, "Namalwa, usimwambie mwenzako, atanicheka. Tangi lilipovuja mara ya kwanza nilitazama vizuri. Niliona bati linaoza na shaba haiozi. Nikasema basi bati limekosa shaba, hiyo ndiyo shida yake. Sina shaba nyingine, nikatia bangili yangu. Ilinishika mimi katika nyumba hii miaka yote, nikasema na ishike tangi." Kisha akaniuliza, "Limeshika?"

Nikasema limeshika. Nilimwambia tundu la chini lilikuwa dogo na nimeliziba, na bangili yake ndiyo iliyolizuia lisiwe kubwa. Ungefanya nini wewe?

Alifurahi sana. Akaomba bilauri ya maji ya tangi. Wanawake wa kanisa hutuletea maji, Mungu awabariki, lakini siku hiyo wote walikuwa matangani na mtungi ulikuwa mtupu. Tangi nalo nilikuwa nimelimwaga hadi tone la mwisho kwa mikono yangu. Nikachukua kibuyu, nikashuka mteremko ule nikishika nyasi, nimeketi zaidi ya kutembea, na mtoto wako tumboni. Nikateka. Nikapanda. Mama akanywa, akalamba midomo, akasema maji ya mtoni hayana ladha hii.

Anakunywa hayo hayo kila siku, na kila siku anayasifu. Nikitoka nje nalia.

Sasa sikiliza, kwa sababu sasa ni mimi ninayeandika maagizo. Najua bomba likimalizika utakuja, na najua desturi: mwana akirudi huingia kwanza kwa mama yake. Safari hii usiingie. Usipige hodi, usikohoe. Pitia shambani kwa Wanyonyi, uje nyuma ya nyumba na bati jipya na risasi yako ya kulehemu, uzibe sakafu. Kama ni kungoja mvua, ngoja pale pale nyuma, nitakuletea chakula. Likishika maji, fungua mfereji, jaza bilauri, ndipo uingie nayo umpe mkononi. Fanya hivyo ili nisiwe nimemdanganya.

Bangili nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Akikuuliza, iko ndani ya tangi, pale alipoiweka.

Mkeo,
Mama Nasambu